Siku Niliyomwinulia Mkwe Wangu Kadi

Juzi Jumapili nimekaa zangu mlangoni nachambua maharage, nikasikia kipyenga kule uwanja wa shule. Kilikuwa kinalia hovyo, kama mtu anafukuza ngedere shambani. Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka tena, ungo ukamwagika. Magoti yangu yameshakataa mbio, lakini masikio bado yapo, na masikio ya refa yanamjua refa mwenzake aliyeogopa. Kipyenga cha mwenye hofu ni kirefu na kinatetemeka mwishoni. Cha mtu aliyeona ni kifupi. Pii, basi.

Ndiyo maana naandika. Nyinyi vijana mliopewa vipyenga mwaka huu, wa Kibondo na wa Kasulu, mmeniomba niwaambie ya kazi hii. Nitawaambia, ila sitawabembeleza. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya semina. Semina mmekwenda wenyewe, mkapewa na fulana.

Kwanza uwanja. Refa anayefika uwanjani pamoja na timu amechelewa. Huku kwetu mistari tunachora kwa majivu, na mvua ikidondoka kidogo tu hakuna mstari tena, kila mtu anakuwa na boksi lake kichwani. Beki atakwambia faulo ilikuwa nje, straika atakwambia ilikuwa ndani, na wote wawili wataapa kwa mama zao. Chukua jembe, kwangua ardhi kidogo kabla ya kumwaga majivu. Majivu yakienda na maji, mkwaruzo unabaki.

Halafu nyavu. Magoli yetu mengi hayana. Mpira ukipita kando ya mlingoti kwa kasi, nusu ya watu wataona umepita ndani, na si kwamba wanadanganya, ndivyo moyo ulivyowaonyesha. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya katani nyuma ya goli, naning'iniza majani ya mgomba makavu. Mpira ukiingia, majani yanatikisika. Nilipokwenda kuchezesha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Wakongomani walinicheka. Kepteni wao mmoja akaniuliza, "Mama arbitre," ndivyo wanavyomwita refa, "haya majani ni ya nini? Kuna ndoa hapa?" Nikamwambia asubiri. Kipindi cha pili akafunga goli ambalo wenzake wa upande wa pili walilikataa mpaka wakashikana mashati. Nikawaonyesha majani bado yanacheza. Yule kepteni hakuniuliza tena habari ya ndoa.

Na usidhani utayaona yote kwenye sheria. Kule Kasanda mpira ulikuwa unatoka nje, ukamgonga mbuzi aliyekuwa anakula majani karibu na mlingoti, ukaingia golini. Nikakataa, nikadondosha mpira, mchezo uendelee. Mashabiki wakasema mbuzi ni wa pale pale kijijini, kwa hiyo ni mchezaji wa nyumbani. Mwenye mbuzi naye akaja mbio mpaka katikati ya uwanja, nikajua leo napigwa. Kumbe hakuwa na shida na goli. Alitaka kujua nani ataangalia mguu wa mbuzi wake.

Hayo mepesi. Hayo unacheka, unakwenda nyumbani, unalala.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Mhina. Alikuwa mtu wa Tanga, ameletwa na serikali kufundisha Kibondo, na baridi ya huku ilimtesa mpaka kwenye mechi anavaa koti la mvua jua likiwa linawaka. Mimi nilikuwa nauza maandazi stendi. Siku moja akaniona nawaachanisha wanawake wawili waliokuwa wanapigania foleni ya bomba, akasema sauti ile inapotea bure, niende jioni nijifunze kuchezesha mpira. Nilimwona mwendawazimu. Nikaenda. Alikuwa ananisomea sheria kwa sauti kwa sababu kusoma kwangu kulikuwa kwa kuvutavuta, mimi nikawa nazishika kichwani kama nyimbo za kanisani. Neno lake lilikuwa moja: usipulize ulichoambiwa, puliza ulichoona, na ulichokiona usikiache. Nikiwa uwanjani nilivaa sketi juu ya suruali ya michezo. Wanaume wakaniita Mama Kipyenga, kwanza kwa kunidhihaki, kisha kwa heshima, na baadaye kwa hasira. Ya hasira ndiyo nataka kuwaeleza.

Kwa sisi Waha, mama hasimami uso kwa uso na mume wa binti yake. Hamtazami machoni, hamgusi, na jina lake halitamki. Akimwona njiani anapisha, anainamisha kichwa, wanasalimiana kila mtu anatazama upande wake. Nyinyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana. Sisi hapana. Hata leo jina la mkwe wangu siliandiki hapa. Nitamwita Namba Nne, maana ndiyo jezi aliyovaa siku ile.

Namba Nne amemwoa binti yangu Yustina. Alikuwa kijana mzuri, mkulima, na beki wa kati wa Mlimani, timu ya kijijini kwao, kwenye barabara ya kwenda Kasulu. Yustina wakati huo alikuwa na mtoto wa kwanza, bado mgongoni.

Ilikuwa fainali ya ng'ombe. Diwani alitoa dume la ng'ombe, timu zikachujana, zikabaki Mlimani na Stendi. Stendi ni vijana wa bodaboda wa Kibondo mjini, wana mdomo kuliko miguu. Refa alitakiwa kutoka Kasulu. Mimi nilipangwa kushika kibendera tu, pembeni, mbali na mkwe wangu, na hilo halikuwa na neno. Lakini ilikuwa masika. Gari alilopanda refa likazama kwenye tope, ikapigwa simu kwamba asisubiriwe. Mshika kibendera wa pili alikuwa ni bodaboda mwenyewe, kaka yake golikipa wa Stendi. Nikabaki mimi.

Nikawaita makepteni wote wawili. Nikawaambia wazi, yule beki wa Mlimani ni mkwe wangu, kama hamnitaki semeni sasa kabla sijapuliza, mkisema baadaye sitawasikia. Shikeni hilo, vijana. Undugu ukiutaja mwenyewe kabla ya mechi, ni habari. Ukitajwa na wengine baada ya mechi, ni kesi.

Kepteni wa Stendi akacheka. Akasema, "Sisi hatuna noma, mama. Wewe ndiye utakayemkimbia." Kepteni wa Mlimani akakubali haraka mno. Nilipaswa kushtuka pale.

Tukaanza. Baada ya muda mfupi nikaanza kusikia watu wa Stendi wanapiga kelele upande wa barabara: refa anamkimbia mkwe! Sikuwaelewa. Nilidhani ni matusi ya kawaida. Kumbe walikuwa wanaona kitu ambacho mimi sikijui. Kila Namba Nne akija upande wangu, miguu yangu inapisha yenyewe. Kichwa kinainama chenyewe. Sikuwa nimeamua, mwili ulikuwa umeshazoea adabu hiyo tangu nikiwa msichana namwangalia mama yangu. Na Mlimani walikwisha kuligundua. Wakawa wanamtuma yeye kila mahali. Mpira wa kurusha, yeye. Faulo, yeye. Wakitaka kumvuta mtu jezi, yeye anapita kwanza mbele yangu, mimi macho chini, nikiinua kichwa straika wa Stendi yuko kwenye tope anashika mbavu. Ilipofika mapumziko Mlimani walikuwa wanaongoza kwa bao moja.

Nilikwenda kusimama peke yangu nyuma ya goli. Sikunywa hata maji. Nilizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwalimu Mhina alikuwepo, kwenye koti lake, akanisogelea akasema neno moja tu: "Unachezesha watu ishirini na mmoja." Akaondoka. Nikajiambia, ndani ya mistari hii ya majivu hakuna mkwe wala mama. Kuna Namba Nne. Nikitoka nje nitapisha njia, nitainama mpaka chini. Humu ndani nitamtazama.

Kipindi cha pili nikamtazama. Mara ya kwanza alipokuja kwa ile mbinu, sikupisha. Tukakaribia kugongana. Yeye ndiye aliyeruka pembeni, akateleza, akakaa kwenye tope, watu wakacheka. Nikaona shingo yake imekakamaa. Mvua nayo ikaanza.

Dakika za mwisho Stendi wakapata kona. Nikasimama pale refa anapotakiwa kusimama, si mbali, si kwenye miguu ya watu. Mpira ukaja, mtu wa Stendi akapiga kichwa, golikipa ameshapitwa, na pale kwenye mstari alikuwa amebaki Namba Nne peke yake. Akaupangua kwa mkono. Mkono wa kulia, ngumi imefungwa. Ulikuwa karibu sana na kichwa chake, na mvua inanyesha, kwa hiyo wengi waliona kichwa. Mimi niliona mkono.

Pii.

Nikaonyesha penalti. Mlimani wakanizunguka, wananiambia ni kichwa mama, ni kichwa, angalia tope kwenye paji la uso. Sikujibu. Ukiingia kwenye mabishano umeshauza mechi. Nikawasukuma kwa sauti mpaka wakarudi nyuma, na hapo ikabaki ile kazi nyingine. Sheria inasema anayezuia goli kwa mkono makusudi anatoka. Na kumtoa mtu ni lazima usimame mbele yake, umtazame, uinue mkono juu ya kichwa chake.

Hata watu wa Stendi, wale wenye mdomo, waliacha kelele. Walikuwa wanajua ninachotaka kufanya ni nini. Bibi mmoja pembeni ya goli akajifunika uso kwa kanga.

Namba Nne alikuwa anatazama chini. Akasema taratibu, wengine hawakusikia, "Mama, usinifanyie hivi mbele ya watu."

Nikamwambia, "Namba nne, nje."

Nikainua kadi.

Akatoka bila kugeuka. Penalti ikaingia. Wakaenda mikwaju, Stendi wakashinda, wakaondoka na ng'ombe wanampigia honi za pikipiki mpaka mnyama akawa hajui aende wapi. Mimi niliondoka na Mwalimu Mhina mvuani. Hakunisifu. Nilitaka anisifu, hakunisifu.

Kesho yake asubuhi Yustina akafika kwangu na mtoto mgongoni na furushi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mwakeye, mama, salamu yetu ya asubuhi, akaingia jikoni akawasha moto. Habari nikaipata kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye anatusemea kwenye mambo ya ukoo. Wakwe wa Yustina walisema nimemwinulia mtoto wao mkono mbele ya watu wazima na watoto, jambo ambalo halijaonekana, na kwamba binti yangu akae kwetu mpaka lisemwe liishe.

Siku ya kikao tukaenda. Tulibeba pombe ya ndizi, kama inavyotakiwa kwa aliyevunja heshima. Njiani shemeji yangu alinishauri. Ni mtu wa amani, hapendi maneno marefu. Akaniambia, "Shemeji, sema tu hukuona vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha. Nani atakupima macho?"

Na kweli ndicho walichotaka. Mzee wa kule, baba yake Namba Nne, alizungumza kwa utulivu. Akasema pombe wameiona na wanashukuru. Akasema nikitamka pale mbele ya wazee kwamba macho yalinidanganya, kwamba kilikuwa kichwa, Yustina atarudi siku hiyo hiyo na hakuna atakayelitaja tena. Neno moja. Namba Nne hakuwa barazani, alikaa nyuma ya nyumba kwa sababu yangu, lakini nilijua anasikia.

Nyinyi mnaosoma mtasema, mechi imekwisha, ng'ombe ameshaliwa, ungesema tu. Nami nililiwaza hilo. Nilikaa pale kwenye mkeka miguu haitulii, navuta pindo la kitenge, nalifumua uzi. Nilimwona Yustina akilini anapuliza moto jikoni kwangu.

Nikasema, kupitia kwa shemeji maana ndiyo taratibu, kwamba pombe nimeileta kwa ajili ya mkono wangu. Mkono nilioinua juu ya kichwa cha mkwe nauombea radhi, mbele ya wote, na nikitakiwa kuleta nyingine nitaleta. Lakini kadi siiombei radhi. Mpira uligusa mkono.

Shemeji aliyafikisha yale maneno kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kiganja.

Mzee akasema, "Basi kaa na mtoto wako."

Wakainywa pombe, hata hivyo.

Yustina akakaa. Tukapalilia mahindi, tukavuna maharage. Hatukugombana, na hiyo ndiyo ilinichosha. Nilikuwa napalilia mstari mmoja mara mbili bila kujua. Nikisikia pikipiki imepunguza mwendo barabarani naacha jembe, nasimama. Haikusimama hata moja. Mechi nilichezesha, wakati huo huo, na watu waliniamini kuliko zamani, maana walisema aliyemtoa mkwe wake atamwogopa nani. Nilikuwa narudi nyumbani na sifa hizo, namkuta binti yangu anamwogesha mtoto asiyemwona baba yake.

Halafu alasiri moja, bila pikipiki, bila mshenga, Namba Nne akaja kwa miguu. Akabisha hodi, akakaa kwenye kigogo nje ya jiko, akanipa mgongo kama inavyopasa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango, nikageukia ukutani. Yustina alikuwa ndani. Tukasalimiana salamu zote, za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa.

"Wazee hawajanituma," akasema.

"Sawa, baba."

"Mpira uligusa mkono."

"Najua."

"Nilijua utajua. Ndiyo maana niliupiga karibu na kichwa."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumrushia kiatu. Akakohoa kidogo, akauliza kama anauliza bei ya mbegu, kwamba ile kadi, amefungiwa mechi ngapi.

"Moja," nikamwambia. "Imeshapita zamani. Unaweza kucheza."

Akashusha pumzi. Nilimsikia. Nami nikashusha yangu, nikaona mambo yamekwisha, kila mtu amesema lake na hakuna aliyedanganya.

Ndipo Yustina akauliza kutoka jikoni, hakupaza sauti:

"Na mimi? Nilifungiwa mechi ngapi?"

Mume wake alitazama shamba, mimi nilitazama ukuta. Sheria zote alizonisomea Mwalimu Mhina nilikuwa nazo kichwani, ya mbuzi ninayo, ya mpira uliopasuka ninayo, hiyo sikuwa nayo. Vijana, ile kadi ningeitoa tena kesho. Msinielewe vibaya. Nanyi mtoeni anayestahili kutoka, awe mkwe, awe mtoto wa diwani. Ila mjue kuna mtu hakuwa uwanjani, hakugusa mpira, na atakaa nje muda mrefu kuliko mliyemtoa. Mtafuteni mkamuulize hali kabla hajawauliza yeye.

Yustina akatoka, mtoto mgongoni, furushi limefungwa tayari. Sijui alilifunga saa ngapi. Akamwekea mume wake furushi lile mapajani, akashika njia ya kurudi kwake, akatangulia yeye mbele, mume nyuma amejitwika mzigo kichwani kama mwanamke anayetoka gulioni. Kwa desturi zetu hilo nalo halionekani. Mkwe wangu aliniaga vizuri, akiwa ameinama. Yustina hakuniaga, na mimi sikumwita.